Siku nane Orlando na watu sita: ratiba ya bustani saba ilivyopunguzwa, na kwa nini

Familia ya kisa hiki tumeiunda kutokana na hali zinazojirudia kwa wasafiri wa Afrika Mashariki wanaokwenda Florida. Wako sita: baba, mama, nyanya wa miaka 68 ambaye ni mzazi wa mama, binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 8 mwenye urefu wa sentimita 124, na kitinda mimba wa miaka 3 mwenye sentimita 95. Wanatoka Nairobi katika likizo ya Agosti. Wanafika Orlando Jumanne alasiri na kuondoka Alhamisi ya wiki inayofuata, kwa hiyo wana siku nane kamili katikati. Wamekodi nyumba yenye jiko na bwawa dogo huko Davenport, zaidi ya kilomita 20 kutoka Magic Kingdom (moja ya bustani za burudani za Disney), pamoja na gari la viti saba.

Ratiba waliyokuja nayo ilikuwa hivi: Jumatano hadi Jumamosi, bustani nne za Disney (Magic Kingdom, Animal Kingdom, EPCOT na Hollywood Studios), moja kila siku. Jumapili hadi Jumanne, bustani tatu za Universal. Jumatano ya mwisho, "mapumziko", na kwenye mabano: maduka ya nguo za bei nafuu, halafu ufukwe wa Cocoa Beach.

Hoja yao ilieleweka. Nauli ya watu sita kuvuka bahari si mchezo, na mtu aliyelipa kiasi hicho anaona kila siku bila tiketi ni hasara. Juu ya hapo, bei za tiketi zenyewe zinasukuma huko huko. Tiketi ya siku moja ya Disney inazidi dola 100, lakini ukinunua siku nyingi bei ya kila siku hushuka, hivyo siku ya nne au ya tano huonekana kama nyongeza ya bure. Miguu haipewi punguzo hilo.

Saa zinazonunua siku

Kabla ya kugusa ratiba, ni lazima kujua siku ya bustani inavyokwenda mwezi Agosti. Magic Kingdom kwa kawaida hufungua saa 3 asubuhi, Animal Kingdom mara nyingi saa 2. Katika saa mbili za mwanzo foleni ni fupi na jua halijakaza. Kuanzia saa 5 umati unajaa. Saa 7 mchana joto linakaribia nyuzi 33, na unyevu wake ni wa Mombasa, si wa Nairobi. Kisha, kati ya saa 8 na saa 11, karibu kila siku ya kiangazi kuna uwezekano wa mvua ya radi. Radi ikikaribia, michezo yote ya nje husimamishwa, na maelfu ya watu hukimbilia chini ya mapaa machache kwa wakati mmoja. Baada ya magharibi hewa hulainika tena na umati hupungua.

Ina maana kuwa saa zenye thamani ni mbili au tatu za asubuhi na mbili za usiku. Familia iliyolala vizuri inafika langoni dakika 45 kabla ya kufunguliwa, na kufikia saa 6 imeshapanda michezo mitano au sita. Familia iliyochoka inafika saa 5, inalipia tiketi ile ile, na kununua saa mbaya kuliko zote: foleni, jua, radi. Hapo ndipo siku ya kupumzika inapojilipa. Inaifanya asubuhi inayofuata iwezekane.

Ratiba ya bustani saba mfululizo ingevunjika siku ya tatu. Siku ya kwanza msisimko hubeba kila mtu. Siku ya pili miguu inalalamika lakini bado inakwenda. Kutembea kilomita 10 hadi 15 kwa siku ni kawaida katika bustani hizi, tena juu ya saruji yenye joto. Siku ya tatu hakuna anayeamka kwa kengele, wanafika saa 5, na kuanzia hapo kila siku huwa mbaya kuliko ya jana.

Saa saba za tofauti

Mwezi Agosti Orlando iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba. Saa 9 usiku ya Orlando ni saa 4 asubuhi ya Nairobi, kwa hiyo kitinda mimba ataamka saa hiyo akidai uji. Saa 12 jioni ya Orlando ni saa 7 usiku nyumbani, na mwili wa kila mtu utakuwa unazima. Mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, na ukisafiri kuelekea magharibi pengine zaidi kidogo.

Hili lina faida na hasara, na ratiba nzuri hutumia yote mawili. Siku tatu nne za mwanzo asubuhi ni za bure: hakuna haja ya kumwamsha mtu. Usiku wa siku hizo, kwa upande mwingine, hauna thamani yoyote. Fataki za Magic Kingdom saa 3 usiku, siku ya pili baada ya kufika, ni fataki za saa 10 alfajiri. Mtoto wa miaka mitatu atazilalia begani au atazililia. Kwa hiyo bustani za asubuhi ziwekwe mwanzo wa safari, na za jioni kuanzia siku ya tano.

Kuna kitu kingine kinachowashangaza watu wa ikweta: jua la Orlando katikati ya Agosti huzama karibu saa 2 usiku. Mtoto aliyezoea giza la saa 1 atakataa kulala kwa sababu "bado ni mchana". Chumba chake kizibwe madirisha tangu siku ya kwanza, hata kwa taulo na vibanio vya nguo.

Upande wa dereva ni mzito zaidi. Baba amezoea kuendesha kushoto, sasa anaendesha kulia, usiku, kwenye barabara kuu ya I-4, huku mwili wake ukiwa saa 11 alfajiri. Ratiba yoyote inayomtaka arudi nyumbani saa 4 usiku katika siku tatu za kwanza ikataliwe kwa sababu hiyo peke yake.

Ushauri mzuri usiowafaa hawa

Kila mtu anayejua Orlando atakuambia: nenda asubuhi, rudi hotelini mchana ukalale, kisha rudi bustanini jioni. Ni ushauri mzuri kwa aliyelala katika hoteli iliyo kwenye reli ya juu ya Magic Kingdom, kwani ndani ya dakika 15 au 20 yuko kitandani. Piga hesabu ya Davenport. Kutoka ndani ya bustani hadi langoni, dakika 15 ukiwa na kigari cha mtoto. Maegesho makuu ya Magic Kingdom yako ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo unapanda feri au treni ya reli ya juu, dakika 20 pamoja na kungoja. Kufika kwenye gari na kufunga viti vya watoto, dakika 15. Barabarani, nusu saa kama hakuna msongamano. Jumla ni saa moja na dakika 20, na kurudi ni hivyo hivyo. Unatumia karibu saa tatu kupata usingizi wa saa moja na nusu, na kitinda mimba atakuwa ameshalala garini na kuamka mlangoni, basi usingizi umekwisha.

Kwa familia hii nusu siku moja ni bora kuliko siku iliyokatwa vipande viwili. Ama waende asubuhi na wasirudi, ama waende jioni tu. Tiketi haitumiki yote, ni kweli. Lakini sehemu inayoachwa ni ile ya saa 7 hadi saa 11, ambayo haina wateja wenye akili.

Viti vya watoto tumevitaja kwa sababu. Sheria ya Florida inataka mtoto wa hadi miaka 5 afungwe kwenye kiti chake, na wa hadi miaka 3 lazima kiwe kiti kamili cha gari, si cha kuinulia tu. Wa miaka 8 atakaa salama zaidi kwenye cha kuinulia ingawa sheria haimlazimishi.

Ratiba mpya

Jumatano: hakuna bustani. Watakuwa macho tangu saa 9 usiku na watashawishika kwenda, lakini miguu bado imevimba kwa safari ya ndege ya saa 15 hadi New York na nyingine ya karibu saa 3, na ndani ya nyumba hakuna hata maziwa. Asubuhi ni ya kununua vyakula Walmart au Publix: mchele, mayai, unga wa ngano wa chapati, ndizi, maji, losheni ya kukinga jua, soksi za ziada. Bwawa hadi saa 6, usingizi, chakula cha jioni saa 11, kulala kabla ya saa 2.

Alhamisi: Magic Kingdom, kuwa langoni saa 2 na robo, kutoka saa 7. Wageni wa hoteli za Disney huingia nusu saa mapema, na hii familia haimo. Katika nusu saa hiyo wageni hao hufunguliwa maeneo ya Fantasyland na Tomorrowland tu. Ukiingia nyuma yao ukawafuata kwenye treni ya Seven Dwarfs, umejitafutia foleni. Pinda kushoto, uanze na Jungle Cruise kule Adventureland, kisha Big Thunder. Fantasyland ije baadaye kwa nafasi za Lightning Lane (njia ya kulipia inayofupisha foleni), ambazo wasiolala hoteli za Disney huruhusiwa kuzishika siku tatu kabla, kuanzia saa 1 asubuhi kwa saa za Florida, yaani saa 8 mchana Nairobi. Kwa Alhamisi, nafasi hizo zishikwe Jumatatu kabla ya kuondoka nyumbani. Zote tatu za mwanzo ziwekwe kabla ya saa 7 mchana.

Ijumaa: Animal Kingdom, saa 1 na robo hadi saa 7. Ni bustani ya nusu siku hata kwa asiyechoka, kwa kuwa kawaida hufungwa mapema kuliko nyingine na haina fataki. Kuna jambo la kuchekesha hapa. Eneo la Afrika limejengwa kama mji wa pwani uitwao Harambe, uliobuniwa kwa kuiangalia Lamu, na vibao vyake vina Kiswahili. Safari ya Kilimanjaro ni lori la wazi lenye twiga na vifaru kwa kama dakika 20. Mtoto wa Nairobi, ambaye mbuga ya taifa iko mwisho wa mji wake, hana sababu ya kusimama dakika 70 kwa hilo. Wengine waende kwanza Pandora, eneo la filamu ya Avatar. Nyanya, kwa upande wake, atafurahi kukaa kivulini Harambe akiwasomea vibao wapita njia.

Jumamosi: mapumziko kamili.

Jumapili: EPCOT kuanzia saa 9 alasiri hadi fataki. Sasa mwili umesogea saa tano hivi na usiku unabebeka. Saa za mvua wanakuwa ndani: Spaceship Earth, Living with the Land, samaki wa The Seas. Zote ni za kukaa, na hata mdogo anaruhusiwa. Jioni wazunguke mabanda 11 ya nchi kando ya ziwa. Mzunguko ni kama kilomita 2, na mashua ya kuvusha ipo kwa ajili ya magoti. Atakayeendesha usiku, baba au mama, alale mchana kwa lazima.

Jumatatu: hakuna kengele. Oda za ndugu zishughulikiwe na mtu mzima mmoja, saa 4 hadi saa 7, na orodha iwe imefungwa kabla ya kuondoka Nairobi. Hii ni nusu kazi, nusu pumziko, na tuiite hivyo.

Jumanne: familia inagawanyika. Baba, binti na mvulana waende Islands of Adventure, moja ya bustani za Universal. Mama, nyanya na mdogo wabaki.

Jumatano: Magic Kingdom tena, asubuhi tu, kwa yale waliyoyapenda. Mchana kufunga mizigo.

Hollywood Studios imeondoka. Bustani mbili za Universal zimeondoka. Tiketi za Universal zilikuwa watu sita mara siku tatu, sasa ni watu watatu mara siku moja. Akiba haiwi kubwa kwa kiwango hicho hicho, kwa kuwa tiketi ya siku moja ni ghali kwa siku, lakini bado ni pesa nyingi.

Mtego wa tarehe

Tiketi ya Disney ya siku nne lazima itumike ndani ya siku saba tangu tarehe ya kuanza unayoichagua. Ukiiandika ianze Jumatano, siku ya kwanza pale, inaisha Jumanne, na Magic Kingdom ya mwisho imepotea. Ianze Alhamisi: Alhamisi hadi Jumatano ni siku saba kamili, na siku nne zinaingia pamoja na nafasi tatu za kuvuta pumzi. Watu huchagua tarehe ya kuwasili kwa mazoea, kisha hujikuta wakifukuzana na tiketi.

Mgawanyiko wa Jumanne

Ratiba nyingi hudhani kwamba watu sita wamekwenda likizo kama mtu mmoja. Sentimita 95 hazimruhusu mdogo kupanda hata michezo ya sentimita 97, kama Slinky Dog na ile treni ya Seven Dwarfs. Sentimita mbili tu, na hakuna mhudumu atakayezisamehe. Msimpime akiwa amevaa viatu vya soli nene na kumpa tumaini. Kwenye treni za kasi za Islands of Adventure, mvulana anafikia Hagrid's, ambayo ni 122, lakini VelociCoaster inataka 130, kwa hiyo hapo binti atumie foleni ya mtu mmoja mmoja huku baba akikaa na mvulana. Katika bustani za Disney, panapokuwa na mchezo ambao kitinda mimba haruhusiwi, waombe Rider Switch: mzazi mmoja hupanda, mwingine hungoja na mtoto, kisha hupanda bila kurudia foleni.

Nyanya ana hesabu yake. Hatasema amechoka mbele ya mkwewe. Atauliza, "Watoto hawajachoka?" Akiuliza mara mbili katika saa moja, jibu ni kurudi nyumbani. Mama, si baba, ndiye wa kumuuliza pembeni kuhusu magoti. Kiti cha magurudumu kikodishwe tangu siku ya kwanza bustanini na kisukumwe kikiwa kitupu kama hataki kukaa. Kitabeba mifuko hadi heshima ipate njia ya kukikalia. Kama anameza dawa za presha, hasa zinazokojoza, amuulize daktari wake Nairobi kuhusu joto na mabadiliko ya saa kabla ya kusafiri.

Pumziko lisilo la bandia

Siku ya Jumamosi haina tiketi, haina kengele, na gari halizidi dakika 20 kutoka nyumbani. Cocoa Beach ni mwendo wa saa moja na zaidi kila upande, na mchanga na jua juu yake. Bustani ya maji ina foleni na ngazi kama nyingine. Miami ni kilomita zaidi ya 350. Maduka ya nguo ni kutembea kilomita kadhaa juu ya saruji bila hata mchezo wa kupanda. Yote hayo ni matembezi, hayahesabiwi.

Inayohesabiwa: kuogelea saa 3 hadi saa 6 kabla radi haijaja, kufua, kupika wali mara moja kwa siku mbili, kulala saa 7 hadi saa 9. Viatu vikaushwe. Malengelenge yafunikwe yakiwa bado madoa mekundu, kwa plasta, si baada ya kupasuka. Mapaja yanayosuguana yapakwe mafuta ya mgando kabla ya kutoka, si baada ya kuungua. Kama binti atakaa na simu siku nzima, aachwe; kwa umri wake hilo ndilo pumziko.

Siku za bustani, chakula cha kubeba kinaruhusiwa ilimradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Barafu ya vipande hairuhusiwi kwenye mfuko wa baridi, kwa hiyo gandisheni chupa mbili za maji usiku. Vibanda vinavyouza vinywaji baridi hutoa kikombe cha maji bure ukiomba. Mtoto apewe maji kila nusu saa hata kama hajaomba, pamoja na kitu chenye chumvi kidogo.

Kinachokatwa kwanza

Ratiba hii bado ina udhaifu. Binti wa miaka 13 amepata siku moja tu ya kasi anayoitaka, na atalinganisha na wenzake. Afadhali aambiwe kabla ya safari na achague mwenyewe bustani ya Jumanne.

Mambo yakiharibika, mpangilio wa kukata uwe umekubaliwa mapema. Mtu akipata homa, Jumatano ya mwisho ndiyo ya kwanza kuondoka. Mvua ikiizima EPCOT ya Jumapili kabla hawajaingia langoni, wageuze na kuihamishia Jumatatu. Siku ya tiketi huhesabiwa unapoingia, na Jumatatu alasiri bado imo ndani ya dirisha la siku saba. Kimbunga kikitangazwa, kwa kuwa msimu wake ni Juni hadi Novemba, bustani zote zinasubiri. Jumamosi isiguswe hata kama Ijumaa ilikwenda vizuri na kila mtu anasema ana nguvu. Wanasema hivyo saa 2 usiku; waulizwe tena saa 12 asubuhi.